Friji ya Maji ya Mzee Khalfan

Nilitoka Al Twar Jumatatu moja asubuhi nikiwa na baiskeli, blanketi, chupa mbili na ramani iliyochorwa na mwanamke ambaye hajawahi kufika huko alikonituma. Tangu nirudi mmeniuliza ilikuwaje, na kila nikianza kumsimulia mmoja wenu, mwingine anaingia na kutaka nianze upya. Basi someni, sote tumalize pamoja. Habari za kazi iliyoisha na kazi niliyokuwa naisubiri nitaziruka. Zilikuwa siku nane za bure, na mimi mnanijua: siku ya bure hainiachi nikae kitandani.

Al Twar, lango la samawati

Bi Ruqaiya wengi wenu mmemwona bila kumjua. Ndiye mwenye ile nyumba ya lango la samawati, mtaa wa pili kutoka jengo letu, yenye friji ya maji ukutani ambapo sote hujaza chupa. Ni Mzanzibari aliyeletwa Dubai akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake ni kile cha Unguja ambacho hakijaguswa na mtu. Tulijuana siku bomba la ile friji lilipokuwa linavuja, nikalifunga vizuri, akanichungulia langoni na kuniita ndani ninywe chai. Tangu hapo nikawa fundi wake, naye akawa mwalimu wangu. Nikisema niko na njaa ananikatiza: "Una njaa, Simoni. Njaa si mwenzio hata uwe pamoja nayo."

Mumewe, Mzee Khalfan, alikuwa dereva wa lori la mawe, milimani na mjini, mjini na milimani, mpaka alipozeeka. Alifariki miaka minne iliyopita. Enzi za lori aliweka friji ya maji ya sabili katika kijiji fulani ng'ambo ya milima, karibu na bahari ya upande wa mashariki. Mnajua desturi ya hapa: mtu huweka maji nje ya nyumba au ya msikiti, anywe apitaye, awe nani awe, na thawabu ziendelee hata aliyeyaweka akishazikwa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani Mzee Khalfan alikwenda kuitazama friji yake. Alikwenda peke yake, akalala siku mbili. Bi Ruqaiya hakuchukuliwa hata mara moja, wala hakuuliza.

Sasa alikuwa amefungasha. Anarudi Unguja akakae na dada yake, na safari ilikuwa baada ya siku kumi. Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi.

"Nataka kujua kama maji yanatoka," aliniambia. "Kama hayatoki ninunue nyingine kabla sijaondoka. Siwezi kumwacha mume wangu na friji kavu."

Nikamuuliza wanawe. Akasema wanawe wana magari makubwa na maneno mawili, inshallah mama, na amekuwa akiyasikia tangu arobaini ya baba yao ilipopita.

Nikasema mimi nitakwenda. Sikufikiri. Maneno yalitoka kinywani kabla kichwa hakijaamka, na kesho yake alfajiri nilikuwa langoni. Alinipa karatasi: mstari mmoja ndio barabara, meno kama ya msumeno ndiyo milima, kisha msikiti wenye mlango wa kijani, mti wa mkunazi, na mawimbi matatu ya bahari. Ndivyo mumewe alivyomweleza.

Aliitazama baiskeli yangu kwa huruma. "Hii baiskeli au kitanda cha chuma?"

Ni ile nyeusi niliyonunua kwa mtunza bustani Mbangladeshi aliyekuwa anarudi kwao: nzito, haina gia, ina kibebeo nyuma. Kwetu Ol Kalou nilipoacha shule darasa la saba nilibebea maziwa ya watu kwenye baiskeli ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo sikuona aibu. Shida yangu ilikuwa nyingine. Kila friji ya sabili ina kibati chenye jina la anayeombewa thawabu, na mimi Kiarabu cha kuandikwa ni mistari ya sisimizi.

"Piga picha kila kibati utakachokiona, uniletee kwenye simu," alisema Bi Ruqaiya. "Mimi nitakusomea. Ukifika kwenye jina la Khalfan nitakwambia simama."

Khawaneej mpaka mwisho wa nyumba

Picha ya kwanza niliituma kabla jua halijapanda vizuri, nje ya msikiti mmoja mdogo. Jibu lilikuja kwa sauti: "Huyo ni Bi Fatma, ameombewa na wanawe. Mungu amrehemu. Endelea." Ya pili alikuwa kijana aliyekufa ajalini. Ya tatu haikuwa na jina, imeandikwa tu kunywa na utuombee. Bi Ruqaiya alimrehemu kila mmoja kana kwamba wamemtangulia juzi, na kila mmoja alimwekea neno. Mmoja alimjua kabisa, aliwahi kukaa naye ukumbi mmoja kwenye harusi, akanisimulia nguo aliyovaa.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekunywa maji ya marehemu kumi na mmoja. Nikazoea. Nikifungua bomba nalitaja jina alilonisomea, halafu nakunywa. Mama yangu, mzee wa kanisa, angekuwa na maswali kadhaa, lakini niliona si haki kunywa maji ya mtu na kuondoka bila hata kumwita jina.

Kule kwenye njia ya baiskeli nilikutana na wale jamaa wa suruali za kubana. Walinipita kama mbayuwayu. Mmoja alipunguza mwendo, akaniuliza kwa Kiingereza ninafanyia mazoezi mashindano gani. Nikamwambia natafuta friji. Alifikiri kidogo, akanipa pakiti ya uji mtamu wa kuongeza nguvu, akaondoka. Niliula. Ulikuwa kama dawa ya meno iliyotiwa sukari, ila niseme ukweli, vilima viwili vilivyofuata sikuvisikia.

Mbele kidogo askari wa barabarani walinisimamisha. Nilitegemea makubwa. Walinieleza kwa upole kwamba barabara ile kubwa si ya baiskeli, wakanionyesha njia ya vumbi inayofuata uzio, wakanipa na maji. Nilipoondoka mmoja alikuwa ameinama anaitazama breki yangu, akitikisa kichwa. Ningemuuliza alichoona, ningejiokolea mengi.

Zizi la ngamia

Njia ya uzio ilinipoteza. Jua lilipoanza kulegea sikuona nyumba wala msikiti, mchanga mwekundu tu, na mbali kidogo paa la mabati lenye ngamia kivulini. Nikasukuma baiskeli mpaka pale kuomba maji.

Msimamizi alikuwa Msudani mrefu aitwaye Idrisi. Hakuningoja niseme. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema "Kenya?" nikajibu ndiyo, akasema "Yalla," akanikabidhi koleo.

Mimi nilidhani ndivyo mgeni anavyolipia maji. Nikalishika. Nikazoa kinyesi cha ngamia banda zima, nikabeba majani makavu, nikajaza mabirika. Idrisi alikuwa mkali lakini wa haki. Nilipokosea kufunga mlango wa banda la ngamia waliozaa alinielekeza mara ya pili bila kelele. Alinionyesha kitanda changu, ndoano ya kutundikia nguo, na ngamia mmoja mweupe ambaye alinionya nisisimame nyuma yake. Nikaona ukarimu wa watu hawa unakwenda mbali sana.

Tulipokaa kula, wali na mbuzi kwenye sinia moja, akaniuliza arbab, yaani tajiri mwenye zizi, amenipa mkataba wa miaka mingapi. Ndipo tulipoanza kutazamana. Kumbe alikuwa anamngoja mfanyakazi mpya kutoka Kenya wiki nzima, ameahidiwa kesho, keshokutwa, inshallah. Nikamweleza kwa Kiarabu changu nilichokiokota kazini kwenye bwawa la kuogelea kwamba mimi natafuta maji ya mume wa jirani yangu.

Idrisi aliweka tonge chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba, kisha akaona haya kabisa, akaanza kuomba msamaha na kuniongezea nyama upande wangu. Asubuhi alinijazia chupa moja maziwa ya ngamia, akasema yatanipa nguvu za kupanda mlima. Nguvu sikuziona. Maziwa yale ni mazito na yana chumvi ya mbali, na tumbo lisiloyajua huyatoa kwa njia yake. Siku ya pili niliitumia hasa nyuma ya vichaka, na vichaka vyenyewe ni vichache. Nililala kwenye kibanda cha mlinzi wa shamba la stroberi karibu na Dhaid, Mnepali mpole aliyenipikia dengu laini na kunilazimisha nile kwa kijiko kama mgonjwa.

Nilimtumia Bi Ruqaiya sauti kueleza nilivyochelewa. Alijibu: "Siku ya kwanza tu umeajiriwa. Wanangu wangekuona."

Kupanda

Siku ya tatu milima ilianza. Msifikirie milima ya kwetu yenye msitu na ukungu. Hii ni mifupa mitupu, rangi ya kutu na ya majivu, na katikati ya mifupa ghafla unaona kijani cha mitende mahali maji yalipojificha. Ilikuwa Januari na upepo ulikuwa baridi. Bila gia nilipanda nikisukuma, natembea upande wa kushoto wa baiskeli nikiisemesha kama punda. Malori ya mawe yalinipita, na kila lori nilimtazama dereva wake. Mzee Khalfan alikaa hapo juu miaka yake yote, nikawaza, na mimi hapa chini nafuata moshi wake.

Juu kabisa kuna soko la barabarani: mazulia, vyungu, matunda, asali. Nilisikia mtu anapayuka kwa Kiswahili kabla sijamwona. Alikuwa Athmani, mtu wa Mombasa anayeuza matunda kwenye kibanda cha bosi mmoja, na alikuwa akinipayukia mimi.

"Ndugu yangu, wenda wapi na chuma hicho?"

Alinikalisha kwenye kreti, akanipa viazi vya karai alivyojikaangia mwenyewe nyuma ya kibanda, na kwa kuwa tumbo lilikuwa limetulia nilikula vyote. Nikamsimulia. Alisikiliza huku akiwakatia wateja vipande vya papai. Ramani ya Bi Ruqaiya ilimpa tabu. Alisema vijiji vya huko chini vimejengwa upya, misikiti ya zamani imebomolewa, mlango wa kijani nisahau. Kisha akauliza tena habari ya zile siku mbili za kila mwaka.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Dereva wa lori. Kila mwaka. Alala siku mbili, na mkewe hamchukui." Akanitazama kwa jicho la huruma. "Hapo pana mke, ndugu yangu. Mimi sisemi kitu. Lakini pana mke, na huenda pana na watoto, na wewe wenda kumpigia picha mama wa watu."

Nikacheka. Halafu sikucheka. Nilikaa kwenye lile kreti nikijiuliza nimemchukulia Bi Ruqaiya mzigo gani. Mtu amebakiza siku saba arudi kwao na kumbukumbu ya mume wake mwema, na mimi kwa kuwa siwezi kukaa kitandani nimejipeleka kufukua. Ningeweza kugeuza. Ningesema baiskeli imevunjika, na yeyote anayeijua baiskeli hiyo angeamini. Lakini ningemwacha na friji kavu, maana asiyejua huwaza baya. Nikaamua nitakwenda, nitauliza kwanza, kisha ndipo nitume picha. Nikamwambia Athmani hivyo. Akasema hiyo ni akili, akanifungia mahamri mawili ya njiani, akaitazama breki yangu, naye pia akatikisa kichwa.

Kushuka

Alichoona askari, akaona Athmani, ni kwamba breki ya nyuma, nayo ndiyo pekee, ilikuwa imebaki chuma kwa chuma. Nilijua hilo kwenye kona ya pili. Baiskeli nzito ya aina ile ikishashika mteremko haishauriki. Upande mmoja jabali, upande wa pili bonde lenye mawe makubwa kama nyumba, na mimi katikati na blanketi langu likipepea. Nilikanyaga gurudumu la mbele kwa soli ya kiatu, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kwenye mteremko wa kiwanda cha maziwa, na kiatu kikaanza kunuka. Mahamri yaliruka mfukoni. Sijui nilipita kona ngapi. Najua nilisimama kwa kuiingiza kwenye lundo la mchanga la wajenzi wa barabara, nikalala juu yake nikiangalia mbingu, mzima, kiatu kimoja kikiwa na dirisha.

Nilipoinuka niliona bahari. Ilikuwa kati ya vilima viwili, ndogo, ya buluu, na vilima vyenyewe vikiteremka ngazi kwa ngazi na vishamba vya mitende na minazi michache mpaka kwenye ukingo wake. Sehemu ndogo ya dunia, lakini sikuwahi kujua kuwa ipo, na tangu utoto kitu hicho kimoja ndicho kinachonitoa nyumbani. Nikasukuma baiskeli kuteremka iliyobaki, kwa adabu, kwa miguu.

Kijiji cha kwanza kilikuwa na msikiti mpya mweupe, mlango wa mbao za hudhurungi. Hakuna kijani. Nilikuwa karibu kupita. Kisha nikaona, upande wa kibla, mkunazi mzee uliozungushiwa kijiukuta cha saruji, na wajenzi waliobomoa kila kitu walikuwa wameuruka mti huo. Chini yake, friji ya maji.

Nilifungua bomba. Maji yalitoka, baridi hata meno yakauma.

Hapo ndipo nilipokosea. Furaha ilinichukua, na mkono ulikuwa na mazoea yake: vibati thelathini na kitu, bomba, jina, picha, tuma. Nilipiga, nikatuma. Nilikumbuka nilichomwahidi Athmani wakati alama za kusomwa zilipogeuka buluu.

Zamu hii hakujibu upesi. Nilikaa chini ya mkunazi simu mkononi. Sauti ilipokuja ilikuwa ya chini.

"Simoni. Hapo pameandikwa, sadaka kwa ajili ya Moza. Na chini kwa herufi ndogo, ameiweka Khalfan dereva." Kisha akaongeza: "Moza ni nani?"

Kabla sijatafuta jibu la uongo ikaja sauti ya pili.

"Nimekaa na mtu huyu miaka arobaini na moja. Nenda kaulize. Na utakachokisikia uniambie kama kilivyo, usinikatie kona. Nimeshakuwa mtu mzima."

Kwa Moza

Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Nilimwendea mwanamume wa makamo mwenye ndevu fupi aliyekuja kunywa maji pale pale. Kiarabu changu kina maneno ya taulo, jua na viti, kwa hiyo nilionyesha kibati nikasema, "Moza, wapi?"

Alinitazama. Akaonyesha kwa kidevu kilima kidogo nyuma ya mitende, na nikaona mawe yaliyosimamishwa wima, mengi, bila majina. Makaburi. Moyo ulipoa kidogo, kisha ukashtuka tena, maana mke aliyekufa bado ni mke.

Akaniuliza mimi nani. Sikujua namna ya kusema jirani wa mjane wa aliyeweka. Nikasema tu, "Khalfan."

Alinishika mkono na hakuuachia. Alinivuta hivyo hivyo, mkono mmoja kwangu na mwingine akisukuma baiskeli yangu, mpaka nyumbani kwake. Jina lake Saidi. Nilikalishwa kwenye zulia, nikaletewa tende, kahawa na mkate ule mwembamba kama karatasi wenye yai na asali, na kila alichosema sikukielewa, isipokuwa Khalfan, Khalfan, na maji. Aliuliza kitu kimoja mara tatu. Nilikielewa kwa uso wake: yuko wapi? Nikaonyesha juu. Akainamisha kichwa.

Nilipoona hatutafika nilimpigia Bi Ruqaiya, nikasema, "Bi, kuna mtu hapa anayejua. Zungumza naye mwenyewe," nikampa Saidi simu.

Sijawahi kuwa na robo saa ndefu kama ile. Walisalimiana kwa urefu wa watu wa huku, habari za nyumbani, habari za afya, na mimi nasikiliza kama kuku anayesikiliza bei yake. Kisha Saidi akaanza kueleza. Aliinua mkono juu ya kichwa, kana kwamba Bi Ruqaiya anamwona, akishika kitu kisichoonekana. Akaonyesha bondeni. Akaonyesha vidole viwili. Akageuza mgongo kwenye simu, akakaa hivyo ameipa kisogo, akageuka tena. Kisha akanyamaza, akawa yeye ndiye anayesikiliza. Nilimwona anafumba macho. Halafu, jambo nililoliona kuwa la ajabu, akacheka, na kwenye simu nikasikia kicheko chembamba cha Bi Ruqaiya kikimjibu.

Akanirudishia.

"Simoni," alisema Bi Ruqaiya. "Kaa nikwambie."

Ilikuwa kiangazi, miaka zaidi ya ishirini nyuma, simu za mkononi ni za matajiri. Lori la Khalfan lilikufa bondeni chini ya kijiji, siku mbili, na joto mnalijua. Wanaume wa kijiji walikuwa shambani mbali kwa mavuno ya tende. Bibi mmoja mkongwe, mjane, ndiye aliyeliona. Alimteremshia maji kwenye mtungi aliojitwika kichwani, asubuhi na jioni, siku zote mbili, kwa njia ya mawe. Na kwa kuwa Khalfan ni mwanamume asiyemjua, aliweka mtungi, akaenda kukaa mbali kidogo, akampa mgongo, na akamsemesha bila kumtazama ili asilale akafa kwa joto. Huyo ndiye Moza, shangazi yake Saidi. Alikufa mwaka uliofuata. Hakuwa na mtoto hata mmoja wa kumtolea sadaka. Khalfan aliposikia, alikuja na friji juu ya lori. Aliwaambia watu wa kijiji kwamba mwenye kunyweshwa hivyo ni mtoto wa aliyemnywesha.

"Kila mwaka alikuja kuisafisha, na kuzuru kaburi," alisema. "Akilala kwa Saidi. Na kila mwaka, Saidi anasema, aliwaambia mwakani nitakuja na mke wangu."

Nikamuuliza kilichokuwa kinaniwasha: kwa nini hakumwambia?

Akanijibu:

"Aliniambia. Ile siku aliyorudi. Nilikuwa nimemngoja siku mbili sijui yu hai au amekufa, watoto wanalia, nina hasira. Akaingia, akasema Ruqaiya, lori liliharibika, kuna bibi mmoja. Nikamwambia shukuru Mungu umerudi, kaa ule, chakula kinapoa. Akakaa akala." Nikasikia anajipangusa pua. "Miaka yote hii nilikuwa nadhani ananificha, Simoni. Kumbe alikuwa hajamaliza kunisimulia."

Nilimrudishia Saidi kikombe cha kahawa, nikainuka.

Kabla hakujaanza kuchwa Saidi alinirudisha kwenye friji. Kwa vidole alinieleza kwamba hii ni ya tatu. Kila moja inapokufa kijiji kinanunua nyingine na kukihamisha kibati. Kweli, friji ilikuwa mpya na kibati kilikuwa cha zamani, kimepauka, na parafujo moja imelegea. Saidi alitoa mfukoni bisibisi yenye mpini wa mbao uliofungwa utepe mweusi wa umeme. Ilikuwa ya Khalfan, alikuwa akiiacha hapa kila mwaka. Akaninyooshea. Niliikaza ile parafujo, na nyingine tatu pia, ingawa hazikuhitaji.

Kisha akanionyesha chumba: kidogo, dirisha moja upande wa bahari, godoro, mto, na ukutani msumari wa kutundikia nguo. Aliupiga msumari kwa kidole, akasema, "Khalfan." Nikatundika koti langu. Baiskeli alikuwa ameshaiingiza ndani mwenyewe na kuiegemeza ukutani kwa heshima ambayo haijawahi kupewa.

Simu ililia nikiwa navua kiatu chenye dirisha.

"Nimesahau kukuuliza," alisema Bi Ruqaiya. "Maji yana baridi?"

"Yana baridi, Bi. Meno yaliuma."

"Ulimtaja Moza uliponywa?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa bado sijui jina.

"Basi nenda kanywe tena," alisema, "halafu ulale."

Nikavaa kiatu, nikatoka.